Barua kwa mwanangu: kuhusu ule mwamba ulioniuliza

Marahaba mwanangu.

Meseji yako niliisoma usiku ule ule, nikairudia asubuhi, alafu nimekaa siku tatu sijakujibu na najua umeona kwamba nimeshaisoma, pengine umefikiri mama kakasirika. Sijakasirika hata kidogo. Nilikuwa naogopa kukurushia mistari ya Biblia haraka haraka kama mtu anayefunga kidonda ambacho hajakiosha, na wewe umeniandikia kama mtu mzima kwa hiyo nami nataka nikujibu kama mtu mzima.

Umeniuliza hivi, nanakili maneno yako tusije tukapotezana: "Mama mlitufundisha ukijenga maisha yako juu ya Kristo huanguki. Nimekataa kusaini zile hesabu za uongo kwa ajili yake, nikafukuzwa, huu mwezi wa nne, waliosaini wapo na mmoja kapandishwa cheo. Sasa huo mwamba uko wapi? Na hivi mimi naamini kweli au nilirithi tu kwenu kama nilivyorithi jina?" Alafu chini kabisa ukaongeza kitu kidogo, kwamba mkeo hajui, kila asubuhi unavaa unaaga unatoka kama unaenda kazini. Hiko cha mwisho nitakifikia, usidhani nimekiruka.

Kwanza nikuombe msamaha. Ule mfano wa Yesu wa nyumba mbili, moja juu ya mwamba ikasimama na nyingine juu ya mchanga ikaanguka, tulikufundisha ukiwa mdogo na tulikufundisha nusu. Tulikufanya uelewe kama vile ukiwa juu ya mwamba mvua hainyeshi kwako. Juzi nimeufungua tena Mathayo 7 nikausoma polepole, mwanangu, maneno ya ile dhoruba ni yale yale kwa nyumba zote mbili, mvua ikanyesha, mafuriko yakaja, pepo zikavuma, Yesu kayasema kwa yule mwenye akili alafu kayarudia vile vile kwa yule mpumbavu. Hakuna aliyepunguziwa. Na siku ya jua kali mtu akipita hapo anaziona nyumba mbili nzuri tu, kwa sababu msingi ukishafukiwa nani anauona, watu wanasifia madirisha na rangi. Kwa hiyo kufukuzwa kwako kazi siyo dalili kwamba ulijenga pabaya. Ni mvua imekuja, na ilikuwa itakuja hata kwa wale waliosaini, kwao itakuja kwa mlango mwingine, wala usikae ukiingoja iwanyeshee maana huko nako ni kujichimbia shimo.

Kitu kingine ambacho hatukukuambia ni kwamba wajenzi wote wawili walisikia. Huyu wa mchangani naye alikuwepo kwenye mahubiri, alisikia kila neno, labda alisema amina kwa sauti kuliko mwenzake. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alisikia akafanya. Na Yesu hakusema kwa ujumla jumla, alisema "hayo maneno yangu", sasa maneno gani, ni yale aliyoyaanza sura ya 5 pale mlimani mpaka hapo, patana na ndugu yako kabla hujatoa sadaka, ndiyo yako iwe ndiyo na siyo yako iwe siyo, mpende adui yako umwombee, toa bila kupiga tarumbeta, omba mlango umefungwa, samehe, usisumbukie ya kesho, toa boriti kwenye jicho lako kwanza. Huo ndo mwamba kwa vitendo. Sisi wengi tunafikiri msingi ni zile hisia za kwenye ibada, machozi yale, kwaya ikiimba mwili unasisimka, nami sizidharau maana nimelia sana kanisani na Mungu anajua, lakini hisia zinakuja zinaondoka, huwezi kuziwekea ukuta juu yake.

Luka akisimulia mfano huo huo sura ya 6 anaongeza neno ambalo nalipenda sana, anasema yule mtu alichimba chini sana. Yaani alitoka jasho. Mwenzake alikuwa ameshasimamisha kuta, pengine ameshapaua, yeye bado yuko shimoni anatupa udongo na waliopita walimwona amechelewa. Nilipofika hapo nikakufikiria wewe na ile karatasi mezani. Wamekuwekea kalamu, bosi amesimama, wenzako wameshasaini, ukasema hapana. Unaniuliza mwamba uko wapi, mwanangu siku ile jembe lako liligonga mwamba! Ulifanya neno lake wakati lina gharama na hapakuwa na mtu wa kukupigia makofi. Mimi sikuwepo, mchungaji hakuwepo, hata hatukujua mpaka juzi. Kama ungekuwa unaamini kwa sababu yetu tu, pale ungesaini, maana sisi tusingejua.

Lakini hilo la kurithi nataka nikae nalo kidogo kwa sababu nalijua kwa ndani kuliko unavyofikiri.

Miaka yote ile baba yenu yupo hai mimi nilikuwa naishi kwa imani yake. Yeye anaomba mimi naitikia. Yeye anasoma neno asubuhi mimi nasikiliza huku mawazo yapo kwingine. Mlikuwa mnaniona mama wa maombi, naongoza akina mama, nafunga, natembelea wagonjwa, na nilikuwa nafanya kwa moyo kabisa sikuwa naigiza. Baba yenu alipofariki ndo nikagundua. Nilipiga magoti usiku ule baada ya watu kuondoka nikakuta sina neno hata moja, kimya kabisa, kama mtu aliyeenda kufungua ghala akakuta vyote vilivyokuwemo ni vya mwenzake. Na wakati huo huo nilikuwa sisemeshani na mama yenu mdogo. Nyinyi mliona tu haji tena nyumbani. Yalikuwa ni maneno aliyosema siku za msiba, mazito, sitayarudia, na nilikuwa na haki ya kuumia, kila mtu niliyemsimulia alinipa haki. Karibu miaka miwili. Nikaendelea kuongoza maombi na hilo jiwe kifuani.

Alafu siku moja tu, wala siyo kwenye semina wala mkutano, nimekaa peke yangu nikafika pale Mathayo 5, kama unaleta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, uende kwanza upatane naye. Nilishausoma huo mstari mara nyingi mno. Siku hiyo niliuona kama umeandikwa kwa mkono na jina langu juu. Nikaenda. Mwanangu sikuenda kwa sababu nilijisikia kusamehe, nilikuwa bado nina hasira njiani mpaka mlangoni kwake, nilienda kwa sababu Yeye alisema nenda. Hatukukumbatiana kama kwenye sinema, tulikaa, tukaongea kwa shida, akalia, nami nikalia baadaye nilipokuwa peke yangu. Lakini usiku ule niliomba. Maneno yalitoka, machache, yangu mwenyewe, siyo ya baba yenu. Mimi nahesabu imani yangu kuwa yangu tangu siku ile, na nilikuwa nimeshabatizwa miaka mingi sana.

Kwa hiyo usione aibu kwamba uliipata kwetu. Hata Timotheo, Paulo anamkumbusha kabisa kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, anawataja kwa majina, wala hamwambii kwa kuwa ni ya bibi basi siyo yako. Ila mstari unaofuata tu anamwambia achochee ile karama ya Mungu iliyo ndani yake. Bibi anaweza kukuachia moto, kuchochea hawezi kukuchochelea.

Na mashaka yako yasikutishe. Mtu ninayemfikiria wiki hii ni Yohana Mbatizaji, kwa sababu kesi yake inafanana na yako. Alimwambia Herode ukweli kuhusu yule mke wa ndugu yake, akatupwa gerezani. Huyu ndiye aliyemwonyesha Yesu kwa kidole mbele za watu, lakini akiwa mle ndani akatuma wanafunzi wake wakaulize, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Ona hilo swali. Ni lako kabisa, huo mwamba uko wapi. Na Yesu hakumkemea. Aliwaambia wakamweleze wanayoyaona na kuyasikia, vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema, alafu wale wajumbe walipoondoka akawaambia watu kwamba katika waliozaliwa na wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko Yohana. Alimsifu siku ile ile aliyouliza! Ila nisikufiche, gereza halikufunguliwa. Yohana alikufa mle. Ndo maana sitakuambia kama wengine watakavyokuambia, kwamba ngoja tu Mungu anakuandalia kazi kubwa kuliko ile. Anaweza, na ninaliomba hilo kila siku, lakini sijaahidiwa hivyo na sitaki ujenge juu ya ahadi ambayo Yeye hakuitoa. Shuhuda nyingi tunazosikia zinaisha vizuri, gari, cheo, nyumba, zile ambazo hazijaisha bado hazipewi maiki. Paulo anasema msingi mwingine hakuna mtu awezaye kuuweka isipokuwa ule uliokwisha kuwekwa, yaani Yesu Kristo. Kazi haikuwa msingi wako. Ilikuwa chumba kimojawapo, chumba kikubwa najua, na kimebomoka, na inauma.

Sasa nije kwa mkeo.

Kuna ule mnara wa Pisa kule Italia, unaoegemea upande. Walianza kuujenga mwaka 1173, na mwaka 1178 wakiwa wamefika ghorofa ya tatu ndo ukaanza kuinama, kwa sababu msingi ulikuwa na kina cha mita 3 tu hivi na ardhi upande mmoja ilikuwa laini kuliko mwingine. Upande huu umeshika, upande huu unazama. Nilipoisoma habari hiyo nilikukumbuka wewe moja kwa moja. Ofisini ulikataa kuandika uongo kwenye karatasi ukapoteza mshahara, nyumbani unauvaa uongo kila asubuhi na viatu vyake. Najua kwanini. Unamlinda, unaona aibu, unasema nikipata kazi nyingine nitamwambia yote kwa pamoja. Lakini ndiyo yako iwe ndiyo haikusema ofisini tu. Na mimi naona hapo ndo unapochoka zaidi, siyo kwenye ukosefu wa kazi, unachoka kwa sababu unakaa kutwa nzima huko nje unatafuta pa kupitishia masaa, alafu usiku mnashikana mikono kuomba na wewe unajua kuna kitu kipo katikati. Ndo maana unaniambia siku hizi maombi hayapandi. Nami yalikuwa hayapandi, nimeshakueleza.

Hiyo Pisa ina jambo jingine lililonipa moyo. Vita vilisimamisha ujenzi karibu miaka 100, na wataalamu wanasema kusimama huko ndiko kuliuokoa, udongo ulipata muda wa kujikaza, wangeendelea kujenga moja kwa moja mnara ungedondoka. Sasa hii miezi minne unayoiita imepotea mimi nashindwa kuiita hivyo. Na kuja mwaka 1990 waliufunga kabisa watu wasiingie, mpaka 2001, na katika kuurekebisha hawakuubomoa, walichimbua udongo kidogo kidogo chini ya upande ule ulioinuka mpaka mnara ukarudi zaidi ya sentimita 40. Ukiwa umesimama vile vile. Huhitaji kuanza maisha upya mwanangu, wala kuokoka upya. Ni huo upande mmoja tu.

Mwambie leo. Usisubiri Jumapili, usitafute maneno mazuri, usianze na mahubiri wala usitangulize hii barua yangu. Kaa naye mwambie nilikataa kusaini, nikafukuzwa, nikaogopa kukuambia, nisamehe. Atakasirika, na atakuwa na haki, kwa ule uongo zaidi ya kazi. Usijitetee. Mwache aseme yote. Akiuliza kama mama alijua mwambie ukweli kwamba nimejua juzi, na kesho nitampigia mwenyewe nimwombe radhi kwa hizo siku tatu nilizokaa nalo.

Mkimaliza, kama mtaweza, ombeni, hata sentensi moja, ile ya yule baba wa kwenye Marko 9 inatosha, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kama hamtaweza usiku huu basi mkalale tu, mimi nitakuwa naomba huku kwa niaba yenu wote wawili.

Na unipigie mkishaongea, hata kama ni saa nane za usiku. Simu nitaiweka kichwani kwangu na sauti nimeifungulia.

Mama yako.