Unataka kubadilisha kozi ya chuo kikuu baada ya kuaplai? Soma kwanza kabla hujakimbilia ofisi za Senate pale Makerere

Kila mwaka kabla semista ya kwanza kuanza, meza yangu hapa Wandegeya, Kampala, inajaa mafresha, wale wanaoanza mwaka wa kwanza, wenye admisheni leta mkononi na sura ya msiba. Kazi yangu ni kuwaskania karatasi, kuwatolea PRN, ile namba ya kulipia, na kuprinti, lakini ukishakaa kwenye kafe jirani na Makerere miaka kadhaa unajikuta umekuwa mshauri bila kuombwa. Na swali ni lilelile, kaka wamenipa kozi siitaki, sasa nafanyaje?

Kabla ya kujibu mimi huwa nauliza, unachokimbia ni kozi au ni chuo? Maana watu wanaziweka kapu moja na si kitu kimoja. Kozi ndani ya chuo kilekile unaomba. Kwa Makerere unaingia kwenye akaunti yako ya ACMIS, ule mfumo wa chuo wa mtandaoni, wakati wakitangaza wamefungua, unachagua kozi unayotaka, unatoa PRN, unalipa ile ada, unasubiri. Lakini wewe uliyepata Busitema na roho iko Mbarara, au uko Kyambogo unataka kupanda huku juu kilimani, hapo unaanza moja kama mtu ambaye hajawahi kuaplai, fomu yao, pesa yao, dedilaini yao. Hakuna chuo kitakachokupigia debe kwa chuo kingine, na ile pesa ya fomu uliyolipa kwa wa kwanza isahau tu.

Haya, tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inawaua wengi. Mtu anakwambia "mimi nina pointi 14 na rafiki yangu ana 13 akapata, kwa nini mimi nikataliwe?" Mdogo wangu, chuo hakiangalii hizo pointi zako za kujumlisha kwa vidole. Kila kozi ina masomo yake. Yale ya lazima yanazidishwa mara 3, yanayohusiana na kozi mara 2, General Paper na sub-math au sub-ICT kwa kawaida mara 1, yaliyobaki nusu. A ni 6, B ni 5, C 4, D 3, E 2, O ni 1. Sasa chukua mtu wa PCB mwenye Biolojia A, Kemia B, Fizikia D, hizo ni 14. Kwenye kozi ambayo Biolojia na Kemia ni za lazima na Fizikia inafuata, anapata 18 na 15 na 6, jumla 39. Mpeleke kwenye kozi inayotaka Fizikia na Kemia kwanza, Biolojia ije nyuma, anapata 9 na 15 na 12, jumla 36. Mtu yuleyule, slipu ileile, pointi tatu zimeyeyuka! Na katofu za hapa, yaani alama ya chini ya kuingia kozi, watu wanaachana kwa sehemu ya kumi, kwa sababu hata matokeo yako ya S4, kidato cha nne, yanahesabiwa, kwa vyeti vya mfumo wa zamani distinction ni 0.3, credit 0.2, pass 0.1. Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi kaa chini na kalamu, upige weight yako, yaani hiyo jumla, kwa kozi unayoitaka, halafu uilinganishe na katofu waliyotoa mwaka huo, siyo ya mwaka wa dada yako. Kama hufiki, hata ulie pale ofisini hutapata. Kama unafika, bado lazima nafasi iwepo, na kozi zinazogombaniwa nafasi huwa hakuna. Law ndo usahau kabisa kuingilia mlango huu kama hukufanya ule mtihani wao wa pre-entry.

Sasa hili naomba mlishike kuliko yote: usiachie ulichopata mpaka kipya kiwe kwenye maandishi. Namaanisha hivi, umeomba kubadilisha, sawa, lakini wakati unasubiri nenda karejista kwenye ile kozi waliyokupa, lipa kinachotakiwa kulipwa, ingia lekcha, hata kama kila ukikaa mle ndani unahisi umekosea nyumba. Nimeona mafresha wanakaa hosteli Kikoni wiki baada ya wiki wanasema "mimi nasubiri majibu", majibu yanakuja hapana, akigeuka nyuma rejistresheni imefungwa, huku hayumo na kule hayumo, mwaka umekwenda hivyo. Ukikubaliwa utapewa leta mpya, hapo ndo unahama.

Wa gavamenti nyie ndo muwe makini zaidi. Ile nafasi ya serikali inaenda na kozi, na kwa kawaida wanapewa waliofanya UACE, mtihani wa S6, mwaka uliotangulia tu. Kwa hiyo ukisema unaiacha ili mwakani uaplai tena kitu kizuri zaidi, mwakani utakuja kama praiveti, unajilipia mwenyewe. Kama nyumbani pesa ipo, sawa, ni uamuzi wako. Kama haipo, mimi ningesoma hiyo ya serikali hata kama siyo ndoto yangu, halafu hiyo ndoto niitafute masters. Wengine hawapendi kusikia hivi lakini ndivyo ninavyoona.

Na aliyepata mkopo wa ile bodi ya serikali, HESFB, kumbuka mkopo umepitishwa kwa kozi fulani kwenye chuo fulani, na kozi zao nyingi ni za sayansi na teknolojia. Ukiruka kutoka sayansi ukaenda kozi ya arts bila kuongea nao kwanza, unaweza kubaki na kozi unayoipenda na huna wa kuilipia. Waulize kabla, siyo baada.

Kuna njia nyepesi ambayo watu hawaioni. Wa Education na wale wa Bachelor of Arts, mara nyingi shida yako siyo kozi, ni masomo. Umepangiwa History na Divinity, lile somo la dini, na wewe ulitaka Kiswahili. Hiyo ni kubadilisha masomo, ombi lake ni tofauti na ugomvi wake ni mdogo, mradi ulilifanya hilo somo S6 ukafaulu na ratiba hazigongani. Uliza hapo kwanza kabla hujaanza vita kubwa.

Kwa wanaotaka kuhamia chuo binafsi, ingia kwanza kwenye orodha ya NCHE, lile baraza linaloidhinisha vyuo na kozi, uangalie kozi yenyewe, siyo chuo tu. Chuo kinaweza kuwa na leseni safi na kozi ikawa muda wake umekwisha.

Halafu hawa vijana wanaozungukazunguka wakikwambia "nina mtu wangu ndani, leta laki tano nikuwekee Pharmacy". Bana! Malipo yote ya Makerere yanapita kwenye PRN yenye jina lako. Mtu akikwambia tuma kwa namba yake ya mobile money, huyo anakula pesa ya ng'ombe ambaye mzee wako ameuza.

Ukija kwangu au kafe yoyote, njoo na slipu za matokeo za UNEB, bodi ya mitihani, zenyewe, S4 na S6, na admisheni leta. Picha iliyopigwa usiku ikatumwa WhatsApp haisomeki, sote wawili tutapoteza muda na foleni nyuma yako inanung'unika. Na majina yakitofautiana, S4 umeandika Akello na S6 umeandika Akelo, shughulika na hilo mapema kabla ya kozi yoyote, maana hilo litakufuata mpaka siku ya graduwesheni.