Seli zikigoma kuachana, angalia kalsiamu kwanza

Nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipewa kazi ya kuotesha seli za MDCK, zile zilizotokana na figo ya mbwa. Zikishajaa kwenye chupa hushikana bega kwa bega, ukiziangalia kwa hadubini utadhani vigae vya sakafuni. Ukitaka kuzihamisha unaziosha, unamwagia kimeng'enya kiitwacho tripsini kikate protini zinazozishika, kisha unazigawa. Zangu zilibanduka vipande vipande kama ukoko wa wali. Nikaongeza tripsini. Nikaongeza muda. Nyingi zikafa, na zilizobaki zikawa bado mabonge.

Fundi wa maabara, mama aliyeifanya kazi hiyo tangu sijaanza sekondari, hakuniuliza habari za tripsini. Aliuliza, "Mwanangu, umeoshea nini?" Nilikuwa nimeoshea bafa, yaani maji ya chumvi ya kuoshea seli, yenye kalsiamu na magnesiamu. Chupa ya bafa hiyo na ya ile isiyo na madini hayo zinafanana, tofauti iko kwenye lebo.

Nilibadilisha bafa, kazi ikaenda. Lakini sababu sikuielewa kwa miezi kadhaa, mpaka nilipotulia nikajifunza umbo la kadherini, protini inayoshikanisha seli na seli. Ndiyo maana wewe unayeanza nakusihi usikariri majina ya viungio vya seli kabla hujaijua protini hii ilivyojengwa.

Chukua kadherini E, inayounganisha seli za ngozi, za utumbo na za figo. Sehemu yake iliyo nje ya seli ina vipande 5 vilivyofuatana, kila kimoja na asidi amino (vijenzi vya protini) zipatazo 110. Kwenye kila maungio ya kipande na kipande huketi ioni 3 za kalsiamu. Maungio ni manne, kwa hiyo ioni 12 kwa molekuli moja. Tunga shanga 5 kwenye uzi uone zinavyoning'inia. Sasa jaza nta katikati ya ushanga na ushanga, uzi utasimama. Kalsiamu ndiyo nta hiyo. Ikiwepo, kadherini husimama kama ufito uliopinda kidogo, urefu wa nanomita 20 hivi, na tripsini haipati pa kuikatia. Kalsiamu ikiondoka ufito unalegea, unakatwa. Nikayaelewa mabonge yangu: tripsini ilikata kilichoshika seli na plastiki, ila seli na seli ziliendelea kushikana. EDTA tunayochanganya na tripsini kazi yake ni kuikamata kalsiamu, nami niliiletea kalsiamu nyingine juu.

Masatoshi Takeichi alifika kwenye protini hii kupitia tofauti ndogo ya namna hiyohiyo. Miaka ya 1970 alitoka Kyoto kwenda kufanya utafiti Baltimore, Marekani, akaona seli alizozitenganisha huko hazirudi kushikana upesi kama za Kyoto. Tripsini ya Baltimore ilikuwa na EDTA, ya Kyoto haikuwa nayo. Hakulipita jambo hilo. Alionyesha kwamba kuna mfumo wa kushikana unaolindwa na kalsiamu, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakaipa protini yake jina la kadherini. Kila mwanafunzi anayekuja kwangu na matokeo "yaliyoharibika" namsimulia habari hii kabla hajayatupa.

Kilichonivutia kuliko vyote ni ncha. Kwenye kipande cha nje kabisa, kilicho mbali na seli yake, kuna uzi mfupi wenye triptofani, asidi amino ya pili tangu mwanzo wa protini. Triptofani ni nene na hukimbia maji. Kadherini ya seli hii huingiza uzi wake kwenye mfuko ulio katika kadherini ya seli jirani, na jirani naye huingiza wake huku wakati huohuo. Wanabadilishana. Sasa tazama: kadherini ikiwa peke yake, uzi huo huulaza kwenye mfuko wake yenyewe. Kwa hiyo kumpa jirani kunaongeza faida ndogo tu, na jozi moja hushikana kwa udhaifu. Udhaifu huo unahitajika. Bila huo seli zisingeachana na kuhama kiinitete kinapojengeka au kidonda kinapofunga. Nguvu hutoka kwenye wingi wa kadherini zilizojipanga ubavu kwa ubavu, na kwenye mkia ulio ndani ya seli, unaoshikwa na protini iitwayo katenini beta, nayo ikashikwa na katenini alfa, hadi kwenye nyuzi za aktini, kiunzi cha ndani ya seli.

Kwa hiyo ukiwa maabara, osha mara mbili kwa bafa isiyo na kalsiamu wala magnesiamu. Seramu iliyo kwenye chakula cha seli nayo iondoe yote, kwa kuwa ina kalsiamu na pia ina protini zinazoizuia tripsini. Ukishazihamisha, zipe saa kadhaa zitengeneze kadherini mpya kabla ya kupima jinsi zinavyoshikana.

Kama unachopima ni kadherini yenyewe, mambo yanageuka: tripsini yenye EDTA itaimeng'enya kabla hujaipima. Hapo tumia EDTA peke yake, au tripsini ndani ya bafa yenye kalsiamu, uondoe kwanza tripsini, kisha kalsiamu, ndipo uzitenganishe taratibu kwa pipeti.

Na chupa zile mbili ziandike mwenyewe kwa herufi kubwa. Zangu zina mkanda mwekundu kwa yenye kalsiamu, wa bluu kwa isiyo nayo, na kila moja ina rafu yake.