Kijana wa chuo amenijia na barua: nimpokee?

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na biashara

SWALI: Assalaam alaikum Mwalimu. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Lamu, upande wa Langoni. Kazi nimefunzwa na ami yangu, cheti sina. Juzi kijana wa chuo cha ufundi kaniletea barua, ataka atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu. Wenzangu waniambia nikimfundisha nitajitengenezea mshindani, na kwamba faida yote ni ya chuo. Mimi na mji huu twapata nini? – Fundi, Langoni

JIBU: Waalaikum salaam, fundi wangu. Mpokee. Kabla ya kustaafu nilikuwa nikizungukia wanafunzi wangu kwenye karakana walikopelekwa, kwa hivyo jambo hili nimeliona kwa macho yangu.

Tuanze na pesa inayovuka maji. Mashine ikiharibika na wewe umezidiwa na kazi, mwenye boti hana subira. Anaipakia mpaka Mokowe, inapandishwa basi, Witu, Garsen, Malindi, hadi Mombasa. Analipa hamali, analipa basi, analipa fundi wa huko, kisha analipa tena irudi. Pesa yote hiyo imeondoka Lamu. Na boti nayo imefungwa: nahodha na mabaharia hawana posho, muuza barafu hana mteja, mchuuzi wa samaki amekaa bure, na mama wa viazi vya karai pale usita (njia) wa pwani anaona watu wakimpita mikono mitupu. Mikono miwili zaidi katika karakana yako ikiwezesha mashine kupona kisiwani, watu wote hao wanapata riziki wiki hiyo hiyo. Hiyo ndiyo faida ya mji, na inaanzia kwako.

Kuhusu ushindani, wenzako wanaihesabu Lamu kama usita mmoja. Matondoni, Kipungani, Shela na Manda wote wategemea boti, na ng'ambo huko kuna Pate, Faza, Kizingitini mpaka Kiwayu. Huwezi kuwafikia wote peke yako. Kijana wa Kizingitini akirudi kwao na ujuzi, atashughulikia yale madogo ambayo hata wewe hukuwa ukiyapata, na yakimshinda atakuletea wewe aliyekujua kwanza. Spea pia atataka umnunulie.

Lakini faida hii haiji kijana akiwa amekaa kibarazani akitumwa chai. Nimekuta wanafunzi wa namna hiyo. Wanarudi chuoni na kitabu kimesainiwa na mikono haijui kitu. Ujuzi hauzaliwi hapo, na mji haupati chochote.

Mpe mashine nzee aifungue mguu, ile sehemu ya chini inayozama majini, akatoe impela ya pampu ya maji, ile ya mpira yenye mabawa. Chumvi na mchanga huyala yale mabawa, maji yakawa hayapandi, ule uzi wa maji unaotoka nyuma ukakatika, na mashine ikachemka mpaka ikafa. Kijana wa chuo ameuona mchoro wa pampu. Bolti iliyoshikwa na chumvi hajawahi kukutana nayo. Mwache aitie oili, asubiri, aigonge taratibu, airudie, asiivunje kichwa. Siku akiweza hilo, na akazoea kumkumbusha kila nahodha kuisukutua mashine kwa maji matamu akitoka baharini, ameshaokoa mashine za watu.

Wewe nawe mtake kitu. Kila siku ataandika katika kitabu chake kazi aliyoifanya, nawe utie saini. Mwambie aandike na chako pia: tarehe, jina la boti, ubovu, spea iliyoingia, bei, deni lililobaki. Mafundi wengi hodari niwajuao hesabu zao ziko kichwani. Miezi mitatu ikiisha utajua ni spea gani inakuishia kila mara, uiagize mapema, na utajua nani hajakulipa. Siku ukitaka mkopo kwa chama au benki, daftari hilo litasema kwa niaba yako. Vitabu vya maelezo ya mashine vilivyoandikwa kwa Kiingereza naye atakusomea.

Ukiweza kuchagua muda, chukua wa Mei hadi Agosti. Kusi likivuma boti nyingi hupunguza safari za nje, na mashine huletwa kufanyiwa sevisi. Utakuwa na kazi ya kumfundishia bila nahodha kukusimamia kichwani.

Mambo ya karatasi: uliza kama barua inataja bima ya ajali ya mwanafunzi, na ni mwalimu gani atakayekuja kumkagua. Kama una wafanyakazi ulioajiri, mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mmoja kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, chini ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo hayo; waulize ni gharama gani za mafunzo mwajiri anayelipa anaweza kurudishiwa. Na kwa kuwa huna cheti, NITA hao hao ndio wenye mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mikono kama yako isiogope. Ukiwa na gredi, vyuo vitakuletea vijana bila wewe kuomba.

Mpe nauli na chakula cha mchana. Atakula papo hapo mtaani. Nakusihi jambo moja tu: usimwondoe kibarua wako mwenye watoto ili kazi yake ifanywe bure na mwanafunzi. Hapo mji umepoteza mshahara mzima.

SWALI: Mwalimu, binti yangu anasomea mambo ya hoteli. Sisi ni watu wa Malindi. Pahali fulani ametakwa alipe pesa ndipo achukuliwe atachimenti. Shangazi yake ataka aende Nairobi. Tufanyeje? – Mama Malindi

JIBU: Mama, msilipe. Aende kwanza kwa mwalimu anayesimamia atachimenti chuoni kwake, amweleze ni nani aliyedai na kwa jina la nani. Akitokea mtu akasema ni ada halali, aiandike kwa barua na risiti.

Mimi ningemweka Malindi. Nairobi mtalipa kodi ya chumba na nauli kila siku, na pesa hiyo itabaki huko. Hapa analala kwenu, na kila anachokula anakinunua sokoni kwenu. Ila muangalie majira. Hoteli nyingi za Malindi hulala kuanzia Aprili, baadhi hufunga kabisa mpaka wageni warudi mwezi wa saba au wa nane. Akianza Mei atakuwa akifuta meza zisizokaliwa. Aombe kuanzia Septemba ili Disemba imkute jikoni, kazi imepamba moto, na kama chuo hakikubali kusogeza, atafute mikahawa inayolisha wenyeji, ambayo haifungi. Aende mwenyewe asubuhi, kabla ya saa nne, amwone mpishi mkuu.