Kabla Hujaichumbia A4, Hesabu Vigezo Vyako

Juzi msomaji kaniandikia: "Naanza uzamivu kwenye ulinganifu wa ladha za nyutrino. Nichukue A4 au S4?" Nyutrino ni chembe ndogo mno za aina tatu, ziitwazo ladha; A4 na S4 ni makundi ya kihisabati ya ulinganifu yanayotumika kueleza jinsi ladha hizo zinavyochanganyika. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe.

Nilichukua A4, kundi la mizunguko 12 inayoirudisha piramidi ya pembetatu nne sawa mahali pake. Nililewa nalo! Lina kiwakilishi cha vipimo vitatu, na vizazi vya leptoni (familia ya elektroni na nyutrino) ni vitatu. Utadhani fundi mmoja ndiye aliyevishona. Ukizipanga vizuri flavoni zako (nyuga za kubuni zinazouvunja ulinganifu huo), unapata mchanganyiko wa tribaimaksimali waliopendekeza Harrison, Perkins na Scott mwaka 2002: mraba wa saini (sine) ya pembe ya mchanganyiko theta-12 ni 1/3, wa theta-23 ni 1/2, na theta-13 ni sifuri. Sifuri kavu. Sura tatu za tasnifu yangu zilisimama juu ya sifuri hiyo.

Juni 2011 T2K, jaribio la nyutrino la Japani, wakaanza kunong'ona kwamba si sifuri. Nikajitia uziwi. Machi 2012 jaribio la Daya Bay, China, wakatangaza hesabu ya antinyutrino za vinu vya nyuklia: kwenye ukumbi wa mbali zilipungua kwa takriban 6%, na theta-13 ikatoka karibu nyuzi 9. RENO, jaribio kama hilo la Korea Kusini, ikathibitisha haikupita hata miezi miwili. Msimamizi wangu alisoma, akasema, "Ongeza flavoni." Nikaongeza. Kisha nyingine. Mwishowe modeli ilikubaliana na kila kitu, maana vigezo huru vilikuwa vingi kuliko vipimo vyenyewe. Siku ya utetezi mtahini akauliza, "Ni namba gani ikipimwa kesho itaiua modeli yako?" Sikuwa na jibu. Shahada nilipewa, lakini swali lile bado linaniuma.

Basi mdogo wangu, hesabu kwanza. Andika vigezo upande mmoja, bashiri upande wa pili. Tazama mchanganyiko uitwao TM1: inabakiza safuwima ya kwanza tu ya jedwali la tribaimaksimali, na ukiipa theta-13 iliyopimwa inakulazimisha mraba wa saini ya theta-12 uwe takriban 0.318. Nduguye TM2, anayebakiza safuwima ya pili, anadai 0.341. Vipimo viko karibu na 0.31, kwa hiyo TM2 anatweta. Hizo ndizo modeli ninazoziheshimu, zinaweka shingo.

Najua mnakimbilia ulinganifu wa moduli wa Feruglio wa 2017 kwa kuwa unapunguza flavoni. Sawa, ila ile tau, kigezo kinachoubeba ulinganifu huo, ni namba changamano, yenye sehemu mbili. Ihesabu mara mbili. Hesabu, nasema tena, na usimsikilize anayekwambia "ongeza".

JUNO, kigunduzi cha nyutrino cha China, inakusanya data tangu Agosti 2025 na inazidi kuibana theta-12. Nitumie kwanza ubashiri wako wa pembe hiyo, uandike na tarehe. A4 au S4 tutaongea baadaye.