Mwaka wa enzi ya Kijapani hausomeki bila jina la enzi

Ndugu uliyeuliza kama inatosha kujumlisha 1988 kwenye mwaka wa Kijapani ili upate mwaka wa kawaida, jibu langu ni kwamba haitoshi, na kanuni hiyo hiyo niliikuta katika programu niliyokabidhiwa, iliyosoma vyeti vya magari ya mtumba yanayoagizwa Mombasa kutoka Japani.

Wajapani huhesabu miaka kuanzia 1 katika enzi ya kila mfalme, na kanuni hiyo inafaa kwa enzi ya Heisei pekee, iliyoanza 1989. Tarehe 1 Mei 2019, Mfalme Naruhito aliporithi kiti cha baba yake, enzi ya Reiwa ilianza na hesabu ikarudi mwanzo. Programu yetu ilichukua tarakimu za mwaka na kuliacha jina la enzi, kwa hiyo gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka wa 2 wa Reiwa, yaani 2020, lilisomeka kuwa la 1990. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu usajili huo, hivyo gari halali kabisa lilikataliwa na mfumo wetu wenyewe.

Mwaka wa kwanza ndio ulionisumbua zaidi. Kwa kawaida nyaraka haziandiki 1, bali alama 元, isomwayo «gan», na msimbo unaotafuta tarakimu hutoka mikono mitupu.

Tena mpaka wa enzi ni siku, si mwaka. Tarehe 7 Januari 1989 ilikuwa mwaka wa 64 wa Showa, enzi iliyotangulia Heisei. Kesho yake ukaanza mwaka wa kwanza wa Heisei.

Kwa hiyo hifadhi tarehe ya Gregori, yaani ya kalenda ya kawaida, katika safu moja ya hifadhidata, na maandishi ya cheti, kama yalivyo, katika safu nyingine. Kwa lugha ya programu ya Java tumia JapaneseDate, aina yake ya tarehe za Kijapani, lakini hakikisha toleo lako linaijua Reiwa, kwani jina hilo lilitangazwa tarehe 1 Aprili 2019, mwezi mmoja tu kabla ya kuanza kutumika.

Hata hivyo, usiikatae tarehe kwa kuwa enzi yake imekwisha. Leseni zilizotolewa kabla ya mabadiliko ziliweza kuandikwa kwamba zinaisha mwaka wa 35 wa Heisei, mwaka ambao haukufika. JapaneseDate.of huikataa tarehe hiyo, ilhali mwenye leseni anajua ni 2023, nasi tuliandika njia maalumu ya kuipokea.