Psara: majibu kwa maswali yenu

Nimepokea maswali mengi kuhusu Psara, kisiwa kidogo cha Ugiriki nilichokiita kisiwa cha msiba, kilicho magharibi ya kisiwa kikubwa zaidi cha Chios. Najibu machache.

Je, Psara ina viza yake? (Mwanza)

Haina. Ni viza ile ile ya Schengen, ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima. Nimeshalijibu hili mara nyingi, tafadhalini mwe mnasoma. Ombeni mapema.

Naweza kwenda asubuhi na kurudi jioni nikitokea Chios? (Nairobi)

Usifanye hivyo. Feri huchukua kama saa tatu, na Julai na Agosti meltemi, upepo mkali wa kiangazi, huweza kuizuia bandarini. Lala Psara hata siku tatu, kisha bakiza siku moja ya akiba Chios kabla ya ndege yako. Watu wa Psara ni mia chache tu. Anayeshuka, akapiga picha, akaondoka, hakuwaona.

Mnakiita kisiwa cha msiba. Kulitokea nini? (Tanga)

Ahsante, ndilo swali nililolisubiri. Wapsara walikuwa mabaharia. Walipoasi utawala wa Waturuki mwaka 1821, meli zao zilikuwa nguvu ya tatu ya Wagiriki baharini, pamoja na za visiwa vya Hydra na Spetses. Konstantinos Kanaris, aliyeichoma meli ya amiri wa Sultani huko Chios mwaka 1822, alikuwa mtu wa hapa. Baada ya majeshi ya Sultani kuwaua watu wa Chios mwaka huo huo, maelfu ya wakimbizi walikimbilia Psara. Mwaka 1824 amiri wa Waturuki, Husrev Pasha, akaja na merikebu za Sultani. Wapsara wakaamua kupigana nchi kavu, wakang'oa usukani wa meli zao ili asiwepo wa kukimbia. Uamuzi huo unasifiwa sana, lakini mimi kila nikiufikiria nawaona akina mama na watoto waliokosa chombo. Wengi waliuawa, wengine wakauzwa utumwani. Waliobaki ngomeni, juu ya kilima cha Mavri Rachi, waliwasha baruti wakafa pamoja na adui waliokwisha kuingia. Walionusurika walianzisha Psara Mpya huko Eretria. Kisiwa chenyewe kiliingia Ugiriki mwaka 1912 tu.

Maangamizi hayo ya 1824 yalikuwa Juni au Julai? Vitabu vinapingana. (Zanzibar)

Havipingani. Kalenda ya zamani ya Wagiriki ilikuwa nyuma kwa siku 12 karne ile, hivyo Juni 21 yao ni Julai 3 yetu. Kumbukumbu hufanywa mwishoni mwa Juni. Ukienda wakati huo, tafuta chumba mapema.

Kuna klabu za usiku? (Dubai)

Nenda Mykonos, kisiwa cha starehe.

Mimi na wenzangu tunataka kurekodi video ya kucheza muziki juu ya Mavri Rachi. Inaruhusiwa? (Dar es Salaam)

Mwanangu, hata kama hakuna wa kukukataza, usicheze pale. Hilo ni kaburi lisilo na majina, na wazee utakaowakuta mkahawani bandarini ni uzao wa waliookoka. Panda jioni jua likipoa, vaa viatu vya kufunga, na simu iache mfukoni mpaka utakaposhuka.