Kichwa cha taarifa kibebe habari, si hafla

Taarifa kwa vyombo vya habari siku hizi husomwa kwenye simu. Mhariri anauona mstari wa kwanza, anaamua hapohapo kama afungue au apite. Ndiyo maana nikiandikia vikundi vya hapa Tanga, kichwa hunichukua muda mrefu kuliko aya zote.

Kinamama wanaolima mwani Mkinga waliniletea rasimu yenye kichwa hiki: "Taarifa kuhusu hafla ya uzinduzi wa mradi wa kuwawezesha wanawake kiuchumi". Nikawauliza, hasa mmefanya nini? Wakasema, tumeanza kutengeneza sabuni, hatuuzi tena mwani mkavu peke yake. Basi habari ndiyo hiyo! Tukaandika: "Wakulima wa mwani Mkinga waanza kutengeneza sabuni". Maneno saba, mtendaji yupo, mahali papo, na kitenzi ni kifupi kama magazeti yetu yanavyopenda: waanza, wapata, yafunguliwa.

Kazi ngumu zaidi ni mgeni rasmi. Viongozi wa kikundi hutaka cheo chake kitangulie, na ninawaelewa, heshima ni muhimu. Lakini "Mkuu wa Wilaya azindua mradi" inaweza kuwa habari ya wilaya yoyote, mwaka wowote. Mimi humpa mgeni rasmi aya ya pili, pamoja na maneno yake mwenyewe. Hapo anasikika vizuri kuliko kurundikiwa vyeo kwenye kichwa, na sijaona kiongozi aliyelalamika baada ya habari kutoka.

Namba weka moja tu, iliyo nzito. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga wengi tunalikumbuka kwa kilometa 1,443. Ukiongeza gharama na tarehe kwenye mstari uleule, hakuna kinachobaki akilini mwa msomaji. "Wa kihistoria" na "wa aina yake" futa. "Wa kwanza" iache kama una ushahidi.

Kama unapeleka redio za hapa, taja kata au mtaa: Chumbageni, Makorora, Pongwe. Ikienda Dar es Salaam, neno Tanga lazima liwemo. Halafu kisome kwa sauti, maana mtangazaji atakisoma hewani. Pumzi ikikatika katikati, punguza.

Kwenye barua pepe, sehemu ya mada weka kichwa chenyewe. Ukiandika "Taarifa kwa vyombo vya habari" pale, mhariri hajui bado kama ni sabuni au ni mkutano.